SAFARI YA FAMILIA NA MWENDO WA ALIYE DHAIFU



Siku hizi barabara za lami zimeziunganisha nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na si ajabu tena kumwona baba na mama wakiwapakia watoto wao garini, hema limefungwa juu ya paa, wakavuka mipaka kwenda kuwazuru jamaa au kuiona nchi ya jirani. Kwa mtu aliyeingia karibuni katika Islam, au ambaye bado anaichunguza, safari ya namna hii huzusha maswali. Sala tano zitasaliwaje njiani pamoja na mtoto mchanga anayelia? Je, kusafiri kwa ajili ya kuona tu ni jambo la kheri au ni upuuzi? Na mzazi anayeiogopa barabara na ugeni wa nchi, awakinge watoto wake kwa kitu gani?

Maswali haya ni ya haki, na majibu yake yamo katika Kurani Tukufu na katika mwenendo wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Katika somo hili tutayatazama moja baada ya moja, tukichukua mfano wa safari moja, ili mafundisho yasibaki hewani.

Islam na Kusafiri

Yapasa ifahamike kwanza kwamba Islam haikumfungia mtu nyumbani. Katika Sura Al-Ankabut (29:21) Mwenyezi Mungu anawaamrisha watu watembee katika ardhi na watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Basi mzazi anayemwonyesha mtoto wake mlima, ziwa na wanyama, akamweleza ni nani aliyeviumba, yumo katika kuifuata amri hiyo.

Na hema nalo halikusahauliwa. Katika Sura An-Nahl (16:81), baada ya kuitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, Mwenyezi Mungu anazihesabu miongoni mwa neema zake zile nyumba za ngozi ambazo watu huziona nyepesi siku wanayosafiri na siku wanayotua. Hema la leo ni la turubai au la nailoni, lakini neema ni ile ile. Mtu akilipiga hema lake jioni na kumshukuru Mola wake, anashukuru kwa jambo ambalo Kurani Tukufu yenyewe imelitaja.

Kinachokatazwa ni ufujaji wa mali, majivuno, na safari inayomsahaulisha mtu wajibu wake. Anayekopa ili aonekane amesafiri, au anayeacha deni la watu bila kulipwa akaenda kutembea, huyo hajaelewa somo.

Kipimo cha Msafara

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Msafara wa familia upimwe kwa nani? Kina baba wengi huupima kwa nguvu ya injini. Husema, “Gari hili laweza kwenda kilomita 900 kwa siku moja,” na kweli gari laweza. Lakini hawakuuliza kama mtoto wa miaka mitatu aweza.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipomweka Uthman bin Abil Aas r.a. kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza ajipime kwa yule aliye dhaifu kabisa miongoni mwao. Yeye mwenyewe s.a.w. alikuwa akianza Sala kwa nia ya kuirefusha, na aliposikia mtoto analia, aliifupisha kwa sababu alijua uchungu alio nao mama yake. Na safarini, kijana mmoja aitwaye Anjasha alipowaharakisha kwa nyimbo ngamia waliopandwa na wanawake, Mtume s.a.w. alimwambia aende polepole, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo.

Ndugu msomaji, ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, je, ratiba ya safari ni kitu gani hata isiweze kufupishwa? Hii ndiyo kanuni ambayo mipango yote mingine yaifuata: msafara huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.

Mfano wa Safari

Tuchukue familia ya baba, mama na watoto watatu: wa miaka saba, wa miaka minne, na mchanga anayenyonya. Wanatoka Dar es Salaam, wanakwenda Kampala kupitia Kenya. Njia yote ni karibu kilomita 1,600. Madereva wa malori huimaliza kwa siku chache, lakini familia hii yafaa iigawe hivi:

Siku ya kwanza, Dar es Salaam hadi Korogwe, kama kilomita 300. Siku ya pili, Korogwe hadi Moshi, kama kilomita 265. Siku ya tatu ni fupi, kilomita 80 tu hadi Arusha, ili watoto wapumzike na gari litazamwe. Siku ya nne, Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga, kama kilomita 275, na hapo mna mpaka wa kuvuka. Siku ya tano, Naivasha, kama kilomita 90, na hapo familia ikae siku mbili bila kusafiri. Kisha Naivasha hadi Kisumu, kama kilomita 255. Kisumu hadi Jinja kupitia Busia, kama kilomita 230. Na mwisho Jinja hadi Kampala, kilomita 80.

Tazama jinsi siku ndefu zinavyofuatwa na siku fupi. Tena tazama kwamba hakuna siku inayolazimisha kusafiri usiku. Mwendo katika makazi ya watu ni wa kilomita 50 kwa saa, na vijiji ni vingi njiani. Kwa hiyo kilomita 300 pamoja na vituo vya watoto hula mchana mzima. Msafara uondoke baada ya Sala ya Alfajiri, usimame kila baada ya saa mbili hivi, nao uwe umekwisha kutua kabla ya Magharibi, ili hema lipigwe kungali na mwanga.

Si lazima kila kituo kiwe cha hema. Mvua ikinyesha, au mtoto akipata homa, familia ilale katika nyumba ya wageni. Aliyepanga fedha zake ziishe kwenye kituo cha mwisho hakuacha nafasi ya jambo hili. Basi na atenge akiba tangu mwanzo.

Kumfunga Ngamia

Watu wengi wanaijua habari ya mtu aliyemwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, naye akaambiwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., naye alifundisha kwamba kutumia njia alizoziweka Mungu na kumwomba Mungu ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Anayeacha moja ameiharibu hata la pili. Basi ngamia wa safari hii hufungwa hivi:

Kwanza, hati. Kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na hati yake ya kusafiria, na vyeti vya kuzaliwa vichukuliwe. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, achukue barua ya idhini ya mwenzake. Gari liwe na kadi yake ya usajili na bima inayokubalika ng'ambo ya mpaka. Wengi hutumia ile iitwayo kadi ya njano ya COMESA. Tangu mwaka 2018 vituo vya Namanga na Busia ni vya pamoja, yaani maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja, na hilo limepunguza usumbufu. Hata hivyo mpaka huwa na foleni, na mtoto hajui foleni. Awe na maji, chakula na kivuli.

Pili, afya. Chanjo ya homa ya manjano hudungwa kuanzia umri wa miezi tisa, na cheti chake huanza kukubaliwa siku kumi baada ya kudungwa; basi mtu asiiache mpaka wiki ya kuondoka. Mwulize daktari juu ya mtoto aliye chini ya umri huo kabla ya kuamua kusafiri naye. Vyandarua vichukuliwe, kwa maana ukanda wa Ziwa Victoria, hasa Kisumu na Busia, una malaria nyingi. Ziwa hilo lina kichocho pia. Watoto walitazame, wasicheze ndani yake. Maji ya kunywa yachemshwe. Pakiti za chumvi maalum za kutibu upungufu wa maji mwilini zisikosekane, na moja huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya hata akiharisha.

Tatu, gari. Matairi, breki na taa zikaguliwe na fundi. Watoto wakae kiti cha nyuma, kila mmoja na mkanda au kiti chake. Kumpakata mtoto kiti cha mbele si upendo. Gari likisimama ghafla, hakuna mkono wa mzazi uwezao kumzuia.

Nne, uongozi. Mtume Mtukufu s.a.w. ameagiza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamchague mmoja wao kuwa amiri. Katika familia baba huwa amiri, lakini amiri mwema hushauriana. Mama ndiye ajuaye mtoto amelala saa ngapi na amekula nini; akisema “tusimame,” na gari lisimame. Tena kila mtoto apewe kazi yake: wa miaka saba azihesabu nguzo za hema, na wa miaka minne alinde viatu.

Sala Safarini

Mtu anayeichunguza Islam huenda akadhani kwamba Sala tano haziwezekani katika safari kama hii. Hapana. Mwenyezi Mungu asemaye katika Sura Al-Baqarah (2:186) kwamba hututakia wepesi wala hatutakii uzito, amemwekea msafiri njia.

Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, husaliwa rakaa mbili mbili. Alfajiri hubaki mbili na Magharibi tatu. Ruhusa ya kufupisha yatokana na Sura An-Nisaa (4:102). Tena msafiri aweza kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kwa hiyo familia yetu yasimama mara tatu tu kwa ajili ya Sala: kabla ya kuondoka asubuhi, mchana wakati wa chakula, na jioni kambini. Sunna za kabla na baada huachwa, isipokuwa zile mbili za Alfajiri, na Witri ya usiku. Akikaa mahali kwa nia ya siku zisizotimia 15, huendelea kuwa msafiri; lakini akisali nyuma ya imamu mwenyeji, humfuata na kukamilisha nne. Na iwapo ni mwezi wa Ramadhani, msafiri hafungi. Hulipa siku hizo baadaye. Kujilazimisha kufunga safarini si uchaji, maana Mwenyewe aliyeamrisha saumu ndiye aliyeamrisha ifunguliwe.

Ama Kibla, jambo hili huwafurahisha watoto. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Dar es Salaam. Tofauti yake ni kama digrii moja tu. Ukifika Nairobi waigeukia mashariki kidogo ya kaskazini, kama digrii saba. Na Kampala, kama digrii 18. Mtoto wa miaka saba apewe dira, na kila kituo yeye ndiye awaonyeshe wengine Kibla. Hapo atafahamu, bila hotuba yoyote, kwamba familia yake yaweza kuhama kila siku lakini uelekeo wake ni mmoja. Katika barabara ya Kisumu na Busia watapita Maseno, ulipo mstari wa Ikweta. Hapo tena pana somo.

Je, maji yakikosekana? Hadhrat Aisha r.a., mkewe Mtume Mtukufu s.a.w., alipoteza mkufu wake safarini. Mtume s.a.w. aliusimamisha msafara mzima ili utafutwe, mahali ambapo hapakuwa na maji. Watu walinung'unika. Lakini katika kukawia huko ndimo Mwenyezi Mungu alimoteremsha ruhusa ya tayamamu, yaani kujipangusa uso na mikono kwa udongo safi badala ya udhu, na Waislamu wote wameineemeka nayo mpaka leo. Mkufu nao ulionekana chini ya ngamia. Basi siku mtoto wako atakapodondosha kiatu chake njiani na kuwachelewesha wote, ukumbuke mkufu ule kabla hujafungua kinywa kumkaripia.

Mwenendo wa Kambini

Mtume Mtukufu s.a.w. amewaagiza wasafiri wanaotua usiku wajiepushe na njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama. Maneno haya utayaona ukweli wake Naivasha, ambako viboko hutoka ziwani usiku kula majani. Hema lipigwe mahali palipoidhinishwa tu, mbali na ukingo wa maji, na mtoto asitoke peke yake gizani.

Ameagiza pia moto uzimwe kabla ya kulala. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Naivasha iko juu sana, karibu mita 1,900, na usiku wake una baridi. Baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa hemani ili wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata likionekana limezimika. Baridi huzuiwa kwa blanketi na kwa godoro chini ya mwili.

Usafi nao ni katika imani. Mtume s.a.w. ameonya juu ya kwenda haja njiani, penye kivuli cha watu na penye vyanzo vya maji. Takataka zote zikusanywe, na kambi iachwe safi kuliko ilivyokutwa. Jirani wa hema la pili, awe Mkristo au asiye na dini, apewe salamu na sehemu ya chakula. Huenda hatasoma kitabu chochote juu ya Islam, lakini ataisoma familia yako kwa siku mbili. Na katika miji ya Nairobi, Kisumu, Jinja na Kampala imo misikiti ya Jumuiya. Waarifu ndugu wa huko mapema, na Ijumaa ikukute pamoja nao.

Hirizi au Dua?

Sasa twajibu swali la mwisho, ambalo kwa ndugu aliyeingia karibuni ndilo gumu kuliko yote. Siku ya kuondoka huenda bibi au shangazi akaja na hirizi ya kumfunga mtoto mkononi, akisema, “Njia ni mbaya, usimwache mtoto mtupu.” Maneno hayo hutoka katika mapenzi, wala mzee wetu asitukanwe. Amwambie kwa heshima: “Bibi, mtoto hakuachwa mtupu. Utuombee kwa Mungu. Dua yako ndiyo tunayoihitaji.” Hirizi haisikii, haioni, wala haishiki usukani. Kuitegemea ni kumgawia kiumbe kisicho na uhai haki ya Mwenyezi Mungu.

Badala yake Islam imempa msafiri dua. Anapopanda chombo husoma dua iliyomo katika Sura Az-Zukhruf (43:14-15), ambayo ndani yake humtukuza Mungu aliyemtiishia kipando ambacho kwa nguvu zake asingekiweza, na hukumbuka kwamba kwa Mola wake ndiko atakakorejea. Anapotua mahali, humwomba Mwenyezi Mungu amkinge, kwa maneno Yake yaliyokamilika, na shari ya alivyoviumba. Watoto wafundishwe dua hizi wiki kadhaa kabla ya safari, na garini wazisome kwa sauti pamoja.

Zaidi ya hayo, Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba dua tatu hukubaliwa bila shaka: dua ya mzazi juu ya mtoto wake, dua ya msafiri, na dua ya aliyedhulumiwa. Ndugu msomaji, fikiri! Mzazi aliye safarini na watoto wake ana mbili kati ya hizo tatu kwa wakati mmoja. Ni hirizi gani iwezayo kulingana na hazina hii?

Lakini na ajihadhari na ile ya tatu isije ikawa dhidi yake. Akimpunja mwuza ndizi wa njiani, akimnyima mkewe mapumziko, akimpiga mtoto aliyechoka kwa sababu ya uchovu wake mwenyewe, basi ndani ya gari lake hilo hilo ana aliyedhulumiwa, na mtu huyo naye dua yake husikilizwa. Hii ndiyo sababu mwendo wa aliye dhaifu si jambo la starehe tu. Ni ulinzi wa msafara.

Mambo ya Kukumbuka

1. Panga safari kwa kumtazama mtoto mdogo kuliko wote, si kwa kulitazama gari.
2. Tayarisha hati, chanjo, gari na akiba mapema. Kisha mtegemee Mungu.
3. Sala zifupishwe na ziunganishwe, zisiachwe.
4. Zima moto, jiepushe na njia na maji, acha kambi safi.
5. Acha hirizi, shika dua, na usimdhulumu mtu.
6. Mkirejea, mpitie msikitini kwanza mkasali rakaa mbili za shukrani, kama ilivyokuwa desturi ya Mtume Mtukufu s.a.w.

Miaka itapita, na watoto watasahau majina ya miji. Lakini hawatasahau kwamba baba aliposikia kilio alisimamisha gari, na kwamba kila jioni, katika kila nchi, mkeka ulitandikwa kabla ya hema.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awarejeshe salama majumbani mwao, na aifanye kila safari yetu kuwa hatua ya kumkaribia Yeye. Amin.